Cheki ya dola 13.86 ina jina langu, na CD sijawahi kununua

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe, niite tu Mke wa Houston. Sijawahi kuandikia safu kama hii na najua kuna watu wanakuletea mambo mazito ya kufiwa na kuachwa, mimi yangu ni ya dola kumi na tatu na senti themanini na sita. Ukicheka nakuruhusu maana hata mimi mwanzoni nilicheka.

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tulioana 1997. Mwaka uliofuata yeye akapata bahati nasibu ya grin kadi akatangulia Marekani, mimi nikabaki kwa mama mpaka Juni 2001 ndo nikamfuata huku Houston. Hiyo miaka mitatu ya peke yake alikuwa anakaa apatimenti moja na wanaume wenzake wanne, kazi yenyewe ya usiku, ghalani, na anasema kilichomfanya asirukwe na akili ni muziki. Akishalipwa tu Ijumaa anaingia dukani anatoka na CD, moja dola kumi na sita, nyingine mpaka kumi na nane. Nilipofika nikazikuta zimepangwa ukutani kama matofali nikamuuliza, kumbe hizi ndo zile hela ulizokuwa unasema hazitoshi kutuma? Tulicheka wote ila mimi nilikuwa nimemaanisha.

Sasa mwanzoni mwa 2003 nimejifungua, mama yangu kaja kwa viza ya matembezi kuniuguza na kumwogesha mtoto. Jioni moja mume wangu yuko kwenye kompyuta anashangilia peke yake. Kuna kesi bwana, makampuni ya muziki yalikuwa yanatuuzia CD bei ya juu makusudi, wameshitakiwa, sasa wanarudisha hela, unajaza fomu kwenye intaneti basi, wala risiti hawataki. Mimi nanyonyesha, sina habari naye. Akaniuliza jina langu la katikati kwenye grin kadi limeandikwaje, nikamtajia herufi kwa herufi. Akamgeukia mama, "Na lako Mama, kwenye pasipoti linasomekaje?" Mama wa watu akainuka akaenda chumbani akaleta pasipoti yenyewe. Ikaishia hapo, mwezi wa tano mama akarudi zake Tanga na mimi nikasahau kabisa.

Mwaka huu 2004 mwishoni mwa Februari zikaja bahasha nne. Ya kwake, ya shemeji yangu mdogo wake (huyu alikuja 1999 wakawa wanakaa wote, siku hizi amehamia Minnesota), ya kwangu, na ya mama yangu. Kila bahasha ina cheki ya dola 13.86.

Anti, ile fomu ilikuwa ni ya mtu aliyenunua muziki dukani hapa Marekani kati ya Januari 1995 na Desemba 2000. Mimi miaka hiyo yote nilikuwa Tanga! Na mama ndo usiseme, mama hajawahi kumiliki CD tangu azaliwe, ana kaseti zake za taarabu na redio moja ambayo mpaka uipige ubavuni ndo inaongea.

Ya kwake aliibadilisha siku hiyohiyo tukala piza. Zilizobaki akazibana na sumaku kwenye friji, akasema nisaini yangu nyuma aipeleke benki, na ya mama nayo atajua la kufanya. Nikasema mimi sisaini, sio haki yangu. Ndo mjadala ukaanza mpaka leo. Yeye anasema wale ndo wezi wa kwanza, wameiba mamilioni ya watu, kila mtu anayemjua amejaza mpaka kwa jina la paka, na hela yenyewe haijazi hata tenki la gari, naona haya kwa ajili ya nani? Mimi namwambia halali ni halali hata iwe senti. Halafu naogopa, maana yeye mwenyewe mwaka huu anajaza fomu za uraia na nimeiona ile fomu, kuna swali linauliza kama umewahi kufanya kosa hata kama hukukamatwa. Nikimwonyesha anacheka, anasema FBI watamfuata mtu kwa dola 13?

(Sio mara ya kwanza kutumia jina langu, mwaka juzi alifungua kadi ya duka la fanicha kwa jina langu na namba yangu ya soshoo, ile ya utambulisho ya huku Marekani, bila kuniambia nikaja kustukia bili ya dola 1,900, lakini hilo lilishaisha, alilipa yote, sitaki kulirudia.)

Kingine, alimpigia mama simu kwa utani akamwambia Mama una cheki yako huku Marekani. Mama hakuchukulia utani. Alishaulizia ni shilingi ngapi, akaambiwa kama elfu kumi na tano hivi, sasa kila tukiongea ananikumbushia hela yake maana anataka kuongezea kwenye bati za jikoni. Namwambiaje mama kwamba hiyo hela si yake, na aliyemwandikia ni mkwewe anayemsifia mtaa mzima?

Wiki iliyopita nimetoka shifti ya usiku, mimi nalea wazee, nimefika saa moja asubuhi nimechoka nikaikuta ile cheki ya jina langu iko mezani, imegeuzwa upande wa nyuma, kalamu juu yake. Nikamwambia tena sisaini. Akajibu anapaka siagi mkate wala hakuniangalia, "Basi ntasaini mwenyewe, mbona jina lako naliandika vizuri kuliko wewe." Akacheka akaenda kazini. Anti mimi sikucheka na sikulala siku hiyo. Nimeichukua nimeificha kwenye sanduku la nguo za mtoto zilizombana. Hajaiulizia, mimi sijasema, tunapishana tu humu ndani kama wapangaji.

Nirudishe? Nichane? Nisaini yaishe? Au ni mimi ndo nakuza jambo dogo?

Mke wa Houston

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto ijapokuwa imechelewa.

Sijacheka. Au tuseme nimecheka pale kwenye paka, na kwenye redio ya mama yako, maana na mimi kwa marehemu bibi yangu kulikuwa na ya namna hiyo. Kwenye kalamu iliyowekwa juu ya cheki nikaacha kucheka nikarudi kuisoma barua yako upya kutoka juu.

Nianze na mumeo, kwa sababu ana hoja na usipompa hoja yake hamtaongea. Kuibiwa aliibiwa. Mimi mwenyewe ile fomu niliijaza, maana 1997 nilikuwa huku na nilikuwa nanunua kaseti na CD kama mtu aliyelogwa, kwa hiyo kesi niliifuatilia. Ilivyokuwa ni hivi, katikati ya miaka ya tisini maduka makubwa ya vyombo vya umeme kama Best Buy na Circuit City yalianza kuuza CD chini ya dola kumi, yaani wanakuvuta kwa CD ukiingia ununue friji. Maduka ya muziki yenyewe yakaanza kulia. Makampuni matano yaliyokuwa yameshika karibu soko lote, Sony, Warner, Universal, EMI na BMG, yakaja na utaratibu kwamba duka likitangaza CD chini ya bei waliyopanga wao, linanyimwa hela ya matangazo ambayo kampuni huwa inachangia. Hakuna aliyekatazwa kuuza rahisi, we uza tu ila usitangaze, na duka lisilotangaza bei yake litauza rahisi ili nani ajue? Bei zikapanda na vita ikaisha. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya Marekani ikawabana waache, na ikakadiria kwamba ndani ya miaka kama mitatu wanunuzi walikuwa wamelipishwa zaidi kiasi cha kufika dola milioni 480. Halafu wanasheria wakuu wa majimbo, New York na Florida mbele, wakafungua kesi, maduka matatu nayo yakaunganishwa humo, Tower Records, Musicland na Trans World. Mambo yakaenda kuishia mahakamani Portland, jimbo la Maine, mbele ya jaji Hornby.

Wakakubaliana 2002, kosa hawakukiri. Wakatoa taslimu dola milioni 67 na laki kama nne, na juu yake CD milioni 5 na nusu za kugawiwa maktaba na mashule. Na hizo CD nazo ukisikia utachoka, kuna maktaba huko Milwaukee imeletewa nakala zaidi ya elfu moja za singo ile ile moja ya Whitney Houston ya 1991 akiimba wimbo wa taifa. Elfu moja! Wamefagia stoo wakaita fidia. Kwa hiyo mumeo akikasirika mwache akasirike, yule kijana aliyekuwa anabeba maboksi usiku na kuongezewa dola mbili tatu kila Ijumaa kwenye kitu pekee kilichokuwa kinampa raha, alidhulumiwa kweli. Na cheki yake ya 13.86 hata haifanani na ule ukuta wa CD uliouona.

Lakini kuna mahali hesabu yake inamponyoka, na nadhani ungemwonyesha hilo badala ya kumwambia halali na haramu, maana hiyo lugha ameshaizoea kwako haimgusi tena. Anadhani kila cheki ya ziada ni jiwe analowarushia makampuni. Makampuni yalishatoa hela yao ikaisha, fungu ni lile lile moja, wakijaza watu laki au wakijaza milioni kumi, Sony hapungukiwi hata senti. Kinachobadilika ni mgao. Ilisemwa tangu mwanzo kwamba hakuna atakayepata zaidi ya dola 20, na kama wangejaza watu wengi mpaka ikawa chini ya dola 5 kwa kichwa basi watu wasingelipwa kitu, hela ingeenda kwenye misaada. Wakajaza milioni 3 na nusu hivi ndo ikatoka 13.86. Maana yake jina lako na la mama yako yamekatwa kutoka kwenye sahani ya wanunuzi wenzake mumeo, kina yeye wa ghala nyingine.

Sasa na mimi nikiwa mkweli, dola zenu 27 na senti 72 ukizigawa kwa watu milioni tatu na nusu hakuna aliyepungukiwa kitu cha kuonekana kwa macho. Kwa hiyo sikuambii umemuibia mjane. Nakuambia tu kwamba ile picha ya mumeo ya kumwibia mwizi haikai sawasawa, na akikubali hilo pengine sauti itashuka.

Nikuguse na wewe kidogo, usinune. Umeandika kwa namna ya mtu aliyeingizwa asijue. Lakini mwanangu uliniambia mwenyewe kwamba alitangaza humo sebuleni kuna kesi, hela zinarudi, fomu, risiti hawataki, halafu akakuuliza jina lako la katikati na ukalitaja herufi kwa herufi. Ulikuwa unanyonyesha, usingizi hakuna, nakuelewa, mimi wa kwangu wa pili nilikuwa naweka chumvi kwenye chai. Sikuhukumu. Nauliza tu kama mwaka mzima uliopita katikati, kati ya fomu na bahasha, hakukuwa na siku hata moja ilikujia akilini ukaipitisha. Kama ilikuwepo ni vizuri uijue wewe kabla hajakukumbusha yeye, maana siku mkikaa kuongea hiyo ndo karata atakayoitoa, "mbona ulinitajia?" Ukiwa umeshalijibu moyoni halitakuyumbisha.

Halafu mabano.

Barua yako nzima iko wazi ila kuna kitu kimoja umekifungia kwenye mabano, ukaandika lilishaisha, sitaki kulirudia. Dola 1,900, jina lako, namba yako ya soshoo, duka la fanicha, na umekuja kujua kwa bili. Nimejiuliza kwa nini mtu anayesema lilishaisha amelileta hapa, tena katikati ya stori ya CD. Na nikajiuliza kwa nini miezi yote hii mlikuwa mnabishana na unalala vizuri, ila siku aliyosema jina lako naliandika vizuri kuliko wewe usingizi ukakatika. Naweza kuwa nimekosea. Ila mimi sioni mtu anayegombania dola 13. Naona mtu ambaye ana kitu kimoja amekuja nacho nchi ya watu, jina lake, na kuna mwenzake anayeliona kama rimoti ya nyumba, yeyote aliye karibu anaichukua anabonyeza. Na ubaya wake ni kwamba huenda hana nia mbaya hata chembe, wanaume wengi waliotangulia huku walizoea kutujazia kila kitu, namba ya simu, bima, nyumba, wewe umefika umekuta kila fomu ameshajaza yeye, na ulishukuru. Mpaka lini ilikuwa msaada na kuanzia lini ikawa kitu kingine, hilo mnalijua nyie wawili, na sidhani mmewahi kuliongea. Ile kadi alilipa, sawa. Aliomba radhi? Umesema alilipa, hukusema aliomba.

Basi tuje kwenye karatasi yenyewe iliyoko kwenye sanduku.

Kuiacha hapohapo ni rahisi kuliko yote na watu wengi wangefanya hivyo. Ujue tu kwamba cheki haikai milele, soma maandishi madogo kama imeandikwa mwisho wake, na hata isipoandikwa benki za huku kwa kawaida hazilazimiki kulipa cheki iliyopitisha miezi sita. Ya kwenu ina mitano sasa. Yaani ukikaa kimya mpaka Septemba itakuwa imejifia yenyewe na hutakuwa umesaini wala umechana. Ubaya wa njia hii ni kwamba hela itakuwa imekufa ila yale maneno ya asubuhi bado yapo hai humo ndani, na safari nyingine itakuja fomu nyingine, maana hizi kesi za watu wengi kwa pamoja Marekani haziishi.

Kuirudisha, kwa barua fupi kwa wale wasimamizi wa malipo ambao anwani yao iko kwenye bahasha. Hii itakupa usingizi kwa upande wa halali. Ila tuliza mkono kabla hujaandika. Ukieleza kwenye karatasi kwamba fomu ilijazwa na mume wangu na mimi sikununua kitu, umeandika kitu kinachomhusu yeye, katika mwaka ambao anaomba uraia, na hujamwambia. Hapo na wewe utakuwa umelitumia jina lake bila ruhusa yake, utaona inavyozunguka. Na kwenye hilo swali la fomu ya uraia, hofu yako si ya kijinga hata kidogo. Wanaouliza pale wanaangalia ukweli wa mtu kuliko ukubwa wa hela, na fomu ya CD aliyeijaza ni yeye, kwa hiyo anayehitaji kukaa na wakili wa uhamiaji kwanza ni yeye, kabla hajasaini ile ya uraia. Mara nyingi mashirika ya kusaidia wahamiaji na hata parokia na misikiti mikubwa huwa na siku za wakili kwa bei ndogo au bure, Houston kubwa hiyo hamtakosa. Mimi nakuambia kama shangazi, sheria mwachie mwenye leseni. Usimwendee na "FBI watakukamata" maana ameshaifanyia vichekesho, mwendee na "twende wote tukaulize, nusu saa tu."

Kuisaini na hela ukaitoa sadaka, najua limekupitia kichwani hata kama hukuliandika, wengi huniuliza hivyo. Linapoza. Lakini itabidi usaini, na kusaini ndicho kinachokukaba. Na kuhusu sadaka kwa hela ambayo unaamini si yako, mwulize shehe unayemwamini, nimesikia wakilijibu kwa namna zaidi ya moja, na sitaki nikujaze ya kwangu.

Kuisaini yaishe, nayo ni njia, usidhani nitakufokea. Kuna ndoa zimepona kwa mtu kumeza kitu kidogo. Swali ni kama hiki kwako ni kidogo, na mtu aliyeficha karatasi kwenye nguo za mtoto anakuwa ameshaanza kulijibu. Kingine, ukisaini leo kwa kuchoka, yeye atajifunza nini kuhusu kalamu mezani? Au pengine hatajifunza chochote na mtasahau, watu husahau. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuna na hii ya tano ambayo haihusu cheki. Siku ya mapumziko wote wawili, mtoto kalala, unaitoa kwenye sanduku unaiweka mezani mwenyewe, na unaanza na kadi ya fanicha. Cheki inakaa pale tu kama shahidi. Unamwambia kitu kimoja, jina langu kabla halijaandikwa popote uniulize. Usichanganye na mama, usichanganye na haramu, usichanganye na CD za 1998 na hela ambazo hazikutumwa nyumbani (hiyo nayo nimeiona, ulisema mwenyewe ulimaanisha, ila hiyo ipe siku yake). Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kuona umemvizia, akasema mbona mambo ya mwaka juzi, akatoka na funguo za gari. Anaweza pia akanyamaza. Mtu anayetania kila kitu mara nyingi anatania kwa sababu akiacha kutania ataona aibu, na mwanaume mwenye aibu mpe muda kidogo, usimfuate mlangoni.

Mama sasa. Huyu ndo anayeniuma, kuliko hata wewe, samahani. Elfu kumi na tano za bati, na pasipoti alienda kuileta mwenyewe kwa roho safi kwa sababu mkwe kaomba. Cheki ya jina lake hapo Houston hakuna anayeweza kuisaini ila yeye, na hilo mumeo alielewe bila mzaha, "nitajua la kufanya" kwenye jina la mama mkwe aliye Tanga mimi sitaki hata kulisikia. Ukiituma Tanga, benki ya kule ikubali cheki ya Marekani ya dola 13, makato yatakuwa yameimaliza. Najua unachofikiria, utoe elfu kumi na tano, au thelathini, kwenye mshahara wako umtumie na umwache aamini ndo ile ya cheki. Bati litapigwa, mkwe atabaki na sifa zake, hakuna aliyeumia. Na siwezi kukuambia ni vibaya, watoto wa ugenini tumewadanganya mama zetu kwa mapenzi tangu simu za kukwangua. Ila fikiria pia kwamba ni uongo mwingine unaojengwa juu ya ile ile fomu, na kwamba wewe ndo utakayeutunza miaka yote, yeye akisimulia ukumbini hela yangu ya Marekani, wewe unaitikia.

Njia ya pili ni kumtumia hela ya bati kama hela ya bati, zawadi kutoka kwako, na ile ya cheki ukamwambia Mama ilikuwa makosa, ilikuwa ya watu walionunua muziki huku zamani, si yetu. Hapo huhitaji kumtaja aliyejaza. Mama zetu wanajua kutouliza, na huenda akikaa na redio yake akapiga hesabu mwenyewe, asikwambie kamwe. Au, na hii ingenifurahisha ila haiko mikononi mwako, aliyemtania ndiye ampigie autengue utani wake. Mkwe kumwambia mama mkwe "nilikosea" ni kitu kizito kwetu, ndiyo maana kingekuwa na maana. Usimlazimishe. Ukiiona dalili tu mpe simu.

Umeniuliza kama unakuza jambo dogo. Hela ni ndogo. Lile la kalamu mimi sijui kulipima kwa niaba yako, wewe ndo uliyekuwa umesimama hapo jikoni na viatu vya kazi miguuni.

Ila kuna bahasha moja mmeisahau kabisa kwenye ugomvi wenu. Shemeji yako. Huyo alikuwepo tangu 1999, kama alikuwa akinunua muziki kama kaka yake basi 13.86 ile ni yake kihalali, na ina miezi mitano chini ya sumaku yenu huku yeye yuko Minnesota hana hata habari. Mtumieni wiki hii kabla haijachina, gharama yenyewe ni stempu moja tu.